Viazi vya Zambarau

Nolfa ametoka saa kumi na moja alfajiri,
viatu vya mpira mkononi, asituamshe.
Kiwandani samoni hawamngoji mtu amalize kunyonyesha.
Ameacha nusu kikombe cha maziwa yake kwenye jokofu
na karatasi mlangoni: Mpe boga. Usitie chumvi.
Usitie chumvi amepigia mstari mara mbili.
Ananijua.

Haya, boga.
Hapa Ancud inanyesha tangu Jumanne,
mvua ya kusini mwa Chile, ya ubavuni, isiyopiga hodi.
Nimelipasua boga kwa kishoka cha kuni,
kisu kilikwama katikati na kugoma.
Mbegu nimezianika juu ya jiko la chuma,
vipande sufuriani, maji kiduchu, kifuniko,
na Amaro kitini anapiga meza kwa kiganja
kama mteja wa benki anayeona foleni haisogei.

Mashine ya kusagia iliungua mwezi uliopita.
Nina uma. Nina chujio la chai.
Nina mikono iliyoshona nyavu za vizimba miaka tisa
mpaka kampuni ikasema asanteni,
na leo inalisukuma boga kwenye vitundu vya chujio,
halafu nageuza, nakwangua ule utandu laini
wenye rangi ya koti langu la kazini.
Dakika arobaini.
Vijiko vitano.

Cha kwanza alikiweka mdomoni akafikiri.
Akanitazama kama niliyemuuzia kitu kibovu,
kisha kikarudi, taratibu, kikamteremka kidevuni.
Cha pili vilevile.
Cha tatu kilifika ukutani.
Nikakifanya kijiko ndege, nikakifanya helikopta,
nikafungua kinywa changu mwenyewe, aaa,
mtu mzima wa miaka thelathini na minne, aaa,
na boga likawa la mbwa.

Saa saba mchana njaa ilimfanya atafune ukosi wa shati langu.
Chini ya sinki lipo gunia analotuletea shangazi Edelmira
kila msimu wa kuvuna: viazi vyeusi, vya makunyanzi,
ndani zambarau kama wino wa mhuri wa posta.
Karatasi haikutaja viazi.
Haikuvikataza pia.
Nikavichemsha na maganda, nikavimenya vikiniunguza,
nikaviponda, nikavichuja, na vilipokaza kama udongo
nikavilegeza kwa yale maziwa,
matone, kisha zaidi, kisha kikombe kizima, vuguvugu.

Akanusa.
Akafungua kinywa kabla kijiko hakijafika.
Sijui niseme nini: alikula.
Alikula kwa mikono, kwa nyusi, kwa nywele,
akadai kwa kishindo nilipochelewa kuchota,
na shati, lile moja la kwendea usaili wa kazi kesho,
likapata kiganja cha zambarau kifuani.
Nililisugua kwa sabuni. Kiganja kikabaki.

Nolfa karudi jioni na harufu ya klorini na magamba.
Alifungua vifungo kabla hajavua koti,
maana titi lilikuwa linamdai tangu adhuhuri.
Akamweka.
Mtoto akageuza uso, akashika kifungo, akakichunguza.
Hakulia. Alikuwa ameshiba, basi.

Mkunga alituambia kulikiza ni safari ya miezi.
Hakusema kwamba huanza siku ya Alhamisi tu,
mvua ikinyesha, bila taarifa.

Nilitaka kumwambia: yale maziwa yako yamo,
ndiyo yaliyovilainisha, bila hayo asingemeza.
Maneno yalinisimama kooni kama boga lisilochujwa.
Yeye alikwisha kugeukia jikoni,
mgongo kwangu, kidole ndani ya sufuria,
akilamba mabaki yaliyoganda ukingoni.
Akakaa kimya. Akalamba tena.

"Vinataka chumvi," alisema,
na sauti yake ilikuwa nayo.